Mwanangu ameniuliza kama Baba Krismasi ni wa kweli

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam. Binti yangu ana miaka 8, mdogo wake wa kiume ana miaka 4. Sisi ni Walutheri, na kila Desemba tunapanda Marangu kula sikukuu kwa wakwe zangu.

Tangu binti yangu aanze kuelewa mambo nimemzoesha kwamba Baba Krismasi hupita usiku wa kuamkia sikukuu na kumwachia zawadi kando ya kitanda. Niliona wenzangu kazini wanafanya hivyo, nikaiga, na furaha yake asubuhi ilinitosha. Tukienda kununua nguo za sikukuu tunapiga picha na yule mzee wa madukani mwenye ndevu za pamba.

Mwezi uliopita shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja kututembelea. Yeye ameokoka na anahudumu kwenye kanisa la uamsho. Aliiona ile picha ukutani, akaniambia mbele ya watoto kwamba nawafundisha kuabudu sanamu. Akasema mzee yule alitengenezwa na Coca-Cola ili wauze soda, na kwamba nyuma yake kuna mungu wa kipagani wa Wazungu wa zamani. Mume wangu alicheka tu. Mimi nikanyamaza, maana ni shemeji na ni mgeni.

Usiku ule binti yangu akanifuata jikoni. Akaniuliza, “Mama, Baba Krismasi ni wa kweli, au huwa unanidanganya?” Nikamwambia tutaongea. Mpaka leo sijaongea naye, na naona ananitazama.

Kuna na jambo la pili. Wifi yangu anaishi Uholanzi na Desemba hii anakuja na watoto wake. Tutakutana wote Marangu kwa baba mkwe, Mzee Nikolausi. Watoto wa wifi wana mzee wao wanamwita Sinterklaas. Wanasema huja kwa meli kutoka Hispania na ana watumishi weusi wanaobeba magunia ya zawadi. Walipokuja mara ya mwisho binti yangu aliwasikia, akaniuliza kwa nini weusi ndio wanaobeba. Sikuwa na jibu.

Shangazi, nimwambie nini? Nikisema hakuna Baba Krismasi, naogopa ataona hata habari za Yesu nilizomfundisha ni hadithi za namna ileile. Nikishikilia kwamba yupo, namdanganya mtoto aliyeniuliza kwa moyo wake wote. Na je, ni kweli kuna upagani? Mama mkwe wangu ni mzee wa kanisa, sipendi tukae mezani Krismasi tunasutana.

Mama G., Tabata


Marahaba, Mama G.

Mjibu kabla hamjapanda basi la Moshi. Mtoto wa miaka 8 anayemfuata mama yake jikoni na swali la namna hiyo amekwisha kuwaza kwa siku kadhaa, na kila siku unayonyamaza anajijibu mwenyewe. Mjibu ukweli. Ila ukweli hauko kwenye “yupo” wala “hayupo”. Palikuwa na mtu. Alikufa zamani sana, na tangu hapo watu wameendelea kutoa zawadi kwa jina lake huku kila nchi ikimvika nguo zake. Nitakusimulia kwa urefu, kwa sababu usiyoyajua hutaweza kumweleza, na huyu binti yako ataendelea kuuliza.

Chukua Biblia, fungua Matendo ya Mitume 27, mstari wa 5. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Roma, na meli yao inafika Mira, mji wa Likia. Hapo wanahamia meli ya Iskanderia inayokwenda Italia. Mira ndio mji wa Baba Krismasi. Leo unaitwa Demre, uko Uturuki katika mkoa wa Antalya, pwani ya Bahari ya Mediterania, mji wa jua na mabanda ya kulimia nyanya. Karibu karne tatu baada ya Paulo kupita pale, askofu wa mji huo alikuwa mtu aliyeitwa Nikolao. Mapokeo yanasema alizaliwa Patara, mji jirani, nao umetajwa katika Matendo 21:1. Alikufa tarehe 6 Desemba, kwa hesabu ya wengi karibu na mwaka 343, na tarehe hiyo ndiyo sikukuu yake hadi leo.

Nataka uwe mkweli kwa mtoto hata hapa. Maandishi marefu ya maisha ya Nikolao yaliandikwa karne nyingi baada ya kifo chake, kwa hiyo kuna tunayoyajua na kuna yanayosimuliwa. Tunajua kwamba kumbukumbu yake ni ya zamani: katika karne ya 6 Mfalme Justiniano alimjengea kanisa Konstantinopoli, pamoja na mtakatifu mwingine aitwaye Prisko. Inasimuliwa kwamba alifungwa gerezani katika mateso ya Wakristo yaliyoanza mwaka 303 chini ya Diokletiano, mfalme wa Roma, na kwamba alikuwa miongoni mwa maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325, mkutano ambao Imani ya Nikea mnayoikiri kanisani imechukua jina lake. Orodha za waliohudhuria ziko kadhaa, na jina lake limo katika baadhi tu. Kuna wanaopenda kusimulia kwamba alimzaba kofi Ario, padri aliyekana kwamba Kristo ni Mungu sawa na Baba, mbele ya mkutano. Hiyo ilizuka muda mrefu baadaye, usimpe mtoto.

Mpe hii nyingine, maana ndiyo mzizi wa kila kitu.

Baba mmoja wa mji ule alifilisika. Alikuwa na mabinti watatu waliofikia kuolewa, na katika nchi ile, wakati ule, mali ya ndoa ilitoka kwa baba wa binti. Asiye na cha kutoa, binti zake hawaposwi, na binti maskini asiyeposwa aliishia kuuzwa. Yule baba akakata shauri awapeleke danguroni ili nyumba ipate kula. Nikolao alikuwa bado kijana, wazazi wake walikuwa wamefariki na kumwachia urithi. Akasikia habari hizo. Usiku akafunga dhahabu kwenye kitambaa, akaenda hadi dirisha la nyumba ile, akairusha ndani, akaondoka kabla hajaonwa. Asubuhi baba akaikuta, na binti mkubwa akaolewa. Nikolao akarudi usiku mwingine kwa ajili ya binti wa pili. Baada ya hapo baba akaamua kukesha. Aliposikia dhahabu inaanguka sakafuni mara ya tatu, akatoka mbio gizani, akamfikia, akamtambua, akaanguka miguuni pake. Nikolao akamwapisha asimwambie mtu maadamu yeye yu hai.

Kwa binti yako sema tu kwamba wale wasichana walikuwa karibu kuuzwa utumwani. Yanatosha kwa umri wake. Lakini wewe ijue yote, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha ukubwa wa alichofanya. Waliposimulia baadaye watu wakaongeza kwamba dirisha lilikuwa limefungwa, hivyo dhahabu ilipitia kwenye dohani na kuangukia soksi zilizoanikwa zikauke. Ndiyo maana watoto wa Ulaya na Marekani hutundika soksi, na ndiyo maana mzee wao hupita kwenye dohani. Wachoraji wa zamani humchora Nikolao ameshika mipira mitatu ya dhahabu. Ukiona picha kama hiyo, mwulize binti yako ni ya nani.

Mabaharia nao walimpenda, na hilo si ajabu kwa bandari ambayo meli za ngano za Misri zilipita. Wanasimulia kwamba wakati wa njaa Nikolao aliwaomba manahodha wa meli za Iskanderia wampe sehemu ya nafaka waliyokuwa wanampelekea mfalme, wakampa, na walipofika Konstantinopoli shehena ikapimwa ikakutwa haijapungua. Mabaharia ndio waliompeleka mbali. Mwaka 1087, baada ya Waturuki wa Seljuki kuenea katika nchi ile, mabaharia wa Bari, kusini mwa Italia, walitia nanga Mira, wakavunja kaburi mbele ya watawa waliolilinda, wakaichukua mifupa. Walifika nayo Bari mwezi Mei mwaka huohuo. Kanisa kubwa walilolijenga juu yake lipo hadi sasa, na mahujaji wa Kikatoliki na wa Kiorthodoksi husali hapo. Miaka ya 1950, lilipokuwa likikarabatiwa, mifupa ilipimwa na mtaalamu wa anatomia wa Bari, Luigi Martino, akaona ni ya mwanamume mzee. Waliokuja kutumia vipimo hivyo kuunda upya sura yake waliona pua iliyowahi kuvunjika. Nakutajia haya kwa sababu ya ile hofu yako kuhusu Yesu. Binti yako akisikia habari za mji ulioko kwenye ramani, kaburi, na mifupa iliyopimwa, na akakusikia unatenganisha kinachojulikana na kinachosimuliwa, ataelewa kwamba mama yake hachanganyi mambo. Hilo litamsaidia siku atakapokuuliza maswali mazito zaidi ya imani.

Sasa kuhusu shemeji.

Ana kweli kidogo na amekosea sana. Kuhusu mungu wa kipagani, wengi humtaja Odini, mungu wa watu wa kaskazini ya Ulaya, kwa kuwa naye alikuwa mzee mwenye ndevu aliyepanda farasi. Zipo desturi za majira ya baridi ambazo Wakristo wa huko walizikuta na kuendelea nazo. Lakini hakuna andiko la kale linaloonyesha Odini akigeuka kuwa mleta zawadi wa watoto, na njia kutoka kwa askofu wa Mira hadi mzee wa madukani inajulikana, hatua kwa hatua, kwa majina na miaka.

Kwa karne nyingi watoto wa Ujerumani na Uholanzi walipata zawadi mkesha wa tarehe 6 Desemba, sikukuu ya Nikolao. Halafu, karne ya 16, akaja Martin Luther. Luther hakutaka watakatifu waombwe, na Waprotestanti wa Ujerumani wakahamishia zawadi kwenye Krismasi, wakawaambia watoto kwamba anayeleta ni Mtoto Kristo. Mweleze mama mkwe wako hilo, naamini atafurahi: swali linalokusumbua wewe Tabata liliwahi kuwasumbua wazee wa kanisa lake mwenyewe miaka 500 iliyopita. Nikolao hakutoweka kwa hayo. Jina lake liliendelea kupewa watoto, na Wajerumani wa misheni ya Leipzig walipoingia Kilimanjaro mwaka 1893, majina ya namna hiyo yalikuwa ya kawaida kwao. Binti yako ana babu anayeitwa Nikolausi. Mwambie jina la babu limetoka kwa nani.

Waholanzi wao, ambao humwita Nikolao Sinterklaas, waligoma kumwacha. Wachungaji wa Kiprotestanti walikemea, miji ikatoa amri, watoto wakaendelea kuweka viatu karibu na meko na karoti ya farasi wa mtakatifu. Mji wa Amsterdam ulikuwa chini ya ulinzi wake tangu zama za Ukatoliki. Waholanzi hao ndio walioanzisha Nieuw Amsterdam ng’ambo ya bahari, ambayo Waingereza waliiteka mwaka 1664 na kuiita New York. Mwanzoni mwa karne ya 19 wasomi wa New York walianza kumfufua mtakatifu wa Waholanzi kama alama ya mji wao. John Pintard, mmoja wa waanzilishi wa chama cha historia cha mji huo, alichapisha picha yake mwaka 1810, akiwa bado na mavazi ya askofu. Mwaka 1823 gazeti la mji wa Troy likatoa shairi lisilo na jina la mtunzi, ambamo Mtakatifu Nikolao amekuwa mzee mdogo mcheshi, mnene, anayesafiri angani kwa gari la theluji linalovutwa na wanyama wanane wa jamii ya kulungu, na anakuja mkesha wa Krismasi. Clement Clarke Moore alikuja kusema ni lake; jamaa wa Henry Livingston wanapinga hadi leo. Mchoraji Thomas Nast, mzaliwa wa Ujerumani, akaanza kumchora katika jarida la Harper’s Weekly mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akigawa zawadi kambini kwa askari wa Kaskazini. Nast ndiye aliyemzoesha msomaji kwamba makazi yake ni Ncha ya Kaskazini.

Coca-Cola walianza kumtumia kwenye matangazo yao miaka ya 1920. Mwaka 1931 walimwajiri mchoraji Haddon Sundblom, naye akawachorea mzee huyo kwa zaidi ya miaka 30. Picha zake zilienea dunia nzima, na uso wa yule mnayepiga naye picha umetoka huko kwa sehemu kubwa. Hapo shemeji ana haki yake. Lakini mzee mnene, mwenye ndevu nyeupe na nguo nyekundu, alikuwa kwenye majarida ya Marekani miaka mingi kabla ya hapo. Kampuni ilimkuta, haikumzaa. Na jina tulilolizoea sisi, Baba Krismasi, lilitufikia kwa Waingereza, ambao walikuwa na mzee wao mwingine kabisa, mzee wa karamu na vinywaji vya watu wazima, asiyejali watoto. Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku Krismasi mwaka 1647 watu walimtumia kuitetea sikukuu. Karne ya 19 ndipo alipochanganywa na yule wa Marekani.

Nije kwenye swali la binti yako kuhusu wabeba magunia. Hili usilipite kwa haraka, kwa kuwa mtoto mweusi aliyeliona jambo hilo mwenyewe anahitaji mtu mzima wa kumthibitishia kwamba ameona sawasawa.

Katika habari zote za Nikolao wa Mira hakuna mtumishi mweusi. Mwaka 1850 mwalimu mmoja wa Amsterdam, Jan Schenkman, alitoa kitabu cha watoto ambamo mtakatifu anafika kwa meli ya mvuke kutoka Hispania akiwa na mtumishi wake mweusi. Mwaka huo Uholanzi ilikuwa bado na watumwa Waafrika mashambani huko Suriname, koloni lake la Amerika Kusini; ilifuta utumwa huo tarehe 1 Julai 1863. Kitabu kikapendwa, na desturi ikakua: Wazungu wakajipaka rangi nyeusi usoni na nyekundu midomoni, wakavaa nywele za bandia, wakarukaruka nyuma ya farasi wa mtakatifu wakimwaga peremende. Mtumishi huyo wakamwita Zwarte Piet, yaani Piet Mweusi. Vizazi vya watoto weusi wa Uholanzi vilitaniwa kwa jina hilo shuleni kila Novemba ilipoanza, na wazazi wao wakiambiwa kwamba ni masizi ya dohani tu. Masizi hayawezi kumpa mtu midomo myekundu na nywele za kipilipili, na kila aliyetazama aliliona hilo.

Watu weusi wa Uholanzi walikataa. Mwaka 2011, mtakatifu alipopokewa kitaifa katika mji wa Dordrecht, msanii Quinsy Gario, mzaliwa wa Curaçao, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Uholanzi, alisimama pale na mwenzake wamevaa fulana zilizoandikwa kwamba Zwarte Piet ni ubaguzi, polisi wakamkamata kwa nguvu barabarani. Kelele hazikuzimika baada ya siku hiyo. Tangu mwaka 2019 mapokezi ya kitaifa yanayoonyeshwa kwenye televisheni hayana tena watu waliopakwa weusi wote. Wana alama chache za masizi mashavuni. Mwaka 2020 Waziri Mkuu Mark Rutte, ambaye hapo awali aliitetea desturi hiyo, alisema bungeni kwamba mtazamo wake umebadilika. Kuna miji midogo bado imeng’ang’ania.

Mwambie binti yako hivi: wewe uliuliza swali sahihi, na watu wazima wengi walichelewa kuliuliza. Halafu mpigie wifi yako kabla hajasafiri. Mwulize watoto wake wameelezwa nini. Yeye analea watoto weusi katika nchi hiyo, bila shaka amepambana na jambo hili zaidi yako, na atapenda kujua kwamba huku nyumbani kuna anayelielewa. Msikubali binamu hao wakutane Marangu, mmoja akiuliza kwa uchungu na mwingine akijibu kwa kujihami, wakati mama zao mnaweza kulimaliza kwa simu.

Sasa maneno yenyewe ya kumwambia. Mwite peke yake, mdogo wake akiwa amelala. Anza na yanayomhusu yeye: “Yule mzee wa dukani ni mtu wa kawaida aliyevaa nguo. Zawadi zako tulinunua mimi na baba yako.” Sema moja kwa moja, usizunguke. Kisha nyamaza, umwache aseme. Anaweza kulia, anaweza kukasirika, anaweza kusema alikuwa anajua. Usimkatize kwa kujitetea. Akishatulia ndipo umsimulie habari za Mira.

Mwaka 1897 mtoto wa Marekani, wa miaka 8 kama binti yako, aliliandikia gazeti la The Sun la New York akiuliza swali hilihili, kwa kuwa wenzake walimwambia hakuna Santa, yaani Baba Krismasi, na baba yake alimwambia kitakachoandikwa na gazeti ndicho kweli. Mhariri, Francis Church, alimjibu kwamba yupo, kwa maneno mazuri sana kuhusu upendo na ukarimu, na Wamarekani wanayarudia hadi leo. Mimi simkubali mhariri yule. Mtoto aliuliza jambo la kujua, akajibiwa kwa ushairi. Angeweza kumpa ukweli na bado akamwachia furaha yake, maana habari ya kijana anayerusha dhahabu dirishani gizani haihitaji kuongezewa chumvi.

Na kwa kuwa anapenda zawadi, mpe nafasi ya kutoa kama Nikolao alivyotoa. Tarehe 6 Desemba inaangukia kabla ya safari yenu. Mwache amchague mtoto mmoja wa mtaani kwenu ambaye Januari shule zikifunguliwa wazazi wake watahangaika. Nunueni madaftari, labda na viatu vya shule, mfikishe kwa njia ambayo hawatajua kimetoka wapi. Usipige picha, na usimwambie mtu kanisani. Sharti la Nikolao lilikuwa kunyamaza, na mtoto wa miaka 8 akipewa siri nzito kama hiyo huitunza vizuri kuliko tunavyodhani.

Mdogo wake mwache. Ana miaka 4, dunia yake bado ina sungura wanaosema. Lakini usiongeze chochote kipya: usimtishie kwamba Baba Krismasi anamwona akikosea, wala usimwambie hataletewa zawadi asipolala. Siku naye akiuliza kwa dhati, mjibu kama utakavyomjibu dada yake. Dada usimlazimishe kusema uongo kwa ajili yenu. Mdogo akimbana, ajibu tu, “Muulize mama.”

Kuhusu shemeji, anayepaswa kusema naye ni mume wako. Nimeona uliposema alicheka. Kicheko kile kilikuacha peke yako mbele ya watoto wako, ndani ya nyumba yako, na huna budi kumwambia hivyo usiku mkiwa wawili, kwa sauti ya chini lakini bila kupunguza. Amwite mdogo wake pembeni, amweleze kwamba hoja zake zina pa kujadiliwa, ila mke wake hasutwi mbele ya watoto. Wewe usijiingize kwenye mazungumzo hayo. Mkifika Marangu mpe shemeji heshima yake, na umwombe kwa unyenyekevu awasomee watoto wote, wa Tabata na wa Uholanzi, Luka sura ya 2 usiku wa mkesha. Anachokiogopa ni Yesu kusahaulika siku yake ya kuzaliwa, na hofu hiyo si mbaya.

Ile picha ya ukutani mwulize binti yako kama anataka iendelee kukaa pale. Na baada ya mwaka mpya niandikie, unieleze wifi alisemaje.

Shangazi